Panya wa Shannon

Mtu akiniuliza nani alininyang'anya kazi, namtajia Claude Shannon, halafu namtetea papo hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwaandikia wateja wa mtandaoni makala: faida za parachichi, jinsi ya kuchagua godoro, vitu kama hivyo. Niliianza nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani. Siku hizi wateja wamenyamaza. Mashine inayokisia neno linalofuata huwamalizia godoro na parachichi kwa dakika moja.

Sasa huyu Shannon, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa Bell Labs, aliucheza mchezo huo mwaka wa 1948 kwa vitabu tu. Unafungua ukurasa wowote, unachagua neno, unaliandika. Unafungua kwingine, unasoma mpaka ulikute neno lilelile, unaandika lililolifuata. Unaendelea hivyo. Sentensi inayotoka ni ya mlevi, lakini ni mlevi anayejua lugha! Mwaka wa 1951 akachapisha mchezo mwingine: mtu anafichiwa maandishi, anakisia herufi moja moja. Nimeujaribu na dadangu kwa Kiswahili. Alipofika "mw" akacheka, maana hapo si lazima ije irabu? Alipofika "mwan" akasema a, ni mwana. Nikakataa. Akasema g, ni mwanga. Nikakataa. Neno lilikuwa mwanya, na alinuna kweli.

Ninamtetea kwa sababu ya vitu alivyofanya kwa kujifurahisha tu. Aliendesha baiskeli ya gurudumu moja kwenye korido za kazini. Alijiundia tarumbeta ya kutema moto na kikokotoo cha namba za Kirumi (cha kazi gani, sijui). Mwaka wa 1950 akaunda Theseus, panya wa sumaku anayepapasa njia ndani ya kisanduku chenye miraba 25. Akishaijua njia, ukimrudisha mwanzo anaenda moja kwa moja. Ukihamisha ukuta anababaika, kisha anajifunza upya. Kumbe panya mwenyewe hana akili yoyote. Kumbukumbu yote iko chini ya sakafu, kwenye relei za simu.

Mamangu huuliza ile hesabu ya chuo ilinisaidia nini. Wiki hii nimechukua Taifa Leo za zamani, zile za kufungia mandazi, nahesabu kwa kalamu ni herufi gani hufuata gani. Hakuna mteja anayelipia hiyo. Niko ukurasa wa nne na a inaongoza kwa mbali.