Lori Kuukuu Katika Njia ya Rungwa

Ukitazama ramani ya Tanzania, utaona upande wa kusini wa mkoa wa Singida jina la Rungwa. Si mji mkubwa. Ni kijiji kilichozungukwa na mapori. Walakini wasafiri wapajua sana mahali hapo, kwa kuwa njia tatu zakutana. Moja yatoka Itigi, penye stesheni ya reli. Ya pili yatoka Tabora kwa kupitia Ipole. Na ya tatu yashuka kusini mpaka Makongolosi, Chunya na Mbeya. Kutoka Mbeya hadi Mkiwa, kwa kupita Rungwa na Itigi, ni mwendo wa kilomita 528.

Njia hii ina habari zake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1922 dhahabu ikaonekana katika nchi ya Lupa, karibu na Chunya. Watu wengi wakaenda huko, wengine wageni wa Ulaya waliotafuta utajiri, wengine Waafrika wa makabila mengi waliotafuta kazi ya kuchimba. Wengi walishuka katika gari la moshi pale Itigi, wakapanda malori, wakapita Rungwa siku kwa siku wakila vumbi. Hata leo wako wazee ambao wazazi wao walikutana katika machimbo yale.

Basi katika miaka ya 1990 walikuwako Itigi mzee mmoja na mke wake. Mzee alikuwa dereva wa malori tangu ujana wake, naye aliijua njia ya Rungwa kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Alipoacha kazi alinunua lori kuukuu, ambalo wengine walilitupa. Akaita seremala, akamjengea juu yake chumba cha mbao, chenye mlango, dirisha moja na paa la bati. Ndani wakaweka kitanda cha kamba, mtungi wa maji, jiko la makaa, na sanduku la nguo. Hiyo ndiyo ikawa nyumba yao. Walikwenda kijiji kwa kijiji wakiuza chumvi, sabuni na masufuria, wakinunua asali na nta kwa Wakimbu, ambao tangu zamani ni mabingwa wa kutundika mizinga katika miti ya miyombo.

Watu waliwacheka. Walisema, "Konobe wawili hao, nyumba yao mgongoni." Mzee hakukasirika. Alijibu, "Konobe hajakosa pa kulala hata siku moja."

Lori lile halikuweza kwenda kwa haraka. Mwendo wake ulikuwa kilomita ishirini kwa saa, na mlimani pungufu. Rejeta ilivuja, kwa hiyo walichukua madebe manne ya maji, mawili ya kunywa na mawili ya injini. Tangi la mafuta lilipotoboka, mzee aliziba tundu kwa kipande cha sabuni ya mche, nayo ilishika vizuri mpaka walipofika kwa fundi. Alikuwa na neno moja alilolisema kila siku: "Mwenda pole hajikwai."

Siku moja katika kiangazi barua ilifika Itigi. Dada mkubwa wa bibi, aliyekaa Makongolosi, alikuwa mgonjwa sana, naye aliomba amwone mdogo wake. Wawili hao walizaliwa katika machimbo ya Lupa, baba yao akiwa mchimbaji. Mama yao alikufa mapema, na yule dada ndiye aliyemlea mwenziwe. Bibi akafunga nguo zake usiku ule ule. Akasema, "Mzee, safari hii usiniambie habari ya mwenda pole. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako."

Mzee akanena, "Tutaondoka alfajiri, mama. Lakini lori ni lile lile."

Wakaondoka kabla ya jua. Kwanza walipita katika kichaka cha Itigi, ambacho si msitu wa miti mirefu, bali vijiti vilivyosongamana hata mtu hawezi kupita wala kuona hatua kumi mbele yake. Baadaye wakaingia katika miyombo, na mbung'o wakaingia pamoja nao. Wadudu hao ndio waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kwa sababu yao sehemu kubwa ya nchi ile haina mifugo. Bibi alikaa na tawi la majani mkononi akiwafukuza, wala hakusema neno. Mchana waliona nyayo za tembo mchangani. Usiku uliwakuta njiani, wakalala katika chumba chao, wakisikia fisi mbali.

Siku ya pili, yapata saa tatu ya asubuhi, wakafika Rungwa. Kando ya njia alisimama mwanamke kijana, amebeba mtoto katika kanga. Magari mawili mapya yalikuwa yamepita asubuhi ile kwa kasi, wala hayakusimama. Pengine wenyewe hawakumwona kwa sababu ya vumbi lao. Lakini lori kuukuu lilikwenda polepole, na aendaye polepole hana la kusema kwamba hakuona.

Mwanamke akapiga magoti akasema, "Shikamooni, wazazi wangu. Mtoto ana homa, na usiku ameshikwa na degedege mara mbili. Mganga wa zahanati amesema lazima afike hospitali ya Itigi, maana damu imemwishia."

Bibi akashuka akamtazama mtoto. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na pumzi yake ilikwenda mbio. Wako watu wadhanio kwamba degedege ni kazi ya shetani, wakamfukiza mtoto moshi mpaka afe. Sivyo. Mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, nayo yataka dawa upesi, na pengine damu.

Itigi ilikuwa nyuma yao, zaidi ya kilomita 170. Makongolosi ilikuwa mbele yao. Mzee alizima injini, akashika usukani kwa mikono miwili, akanyamaza. Alijua kwamba neno hili si lake. Akamngoja mkewe.

Bibi alisimama kitambo katika njia panda. Akatazama kusini, kisha akatazama kanga ile. Mwisho akasema, "Dada yangu ana watoto wake karibu naye. Huyu hana gari. Geuza lori, mzee."

Wakageuza. Mchana kutwa wakarudi njia waliyoijia. Bibi alimlaza mtoto katika kitanda chake, akamfuta kwa maji ya baridi, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Hata jioni maji ya injini yakawa yamekwisha, kwa kuwa rejeta ilivuja kuliko kwanza. Yalibaki yale ya kunywa. Mzee akagawa: nusu ya mtoto, nusu ya injini, wakubwa wasinywe. Usiku springi moja ikavunjika kwa kishindo. Mzee akakata gogo la mti, akalifunga kwa kamba za magome, wakaendelea, lori likiinama upande mmoja kama mtu mwenye kigongo. Saa tisa za usiku wakaona taa za Itigi.

Mtoto akatiwa dawa na damu. Kulipopambazuka mganga akasema, "Kama angalichelewa mpaka jioni ya leo, asingalipona."

Springi mpya ilipatikana baada ya siku mbili. Siku ya tano ya safari wakaondoka tena Itigi, siku ya sita wakapita Rungwa, na siku ya saba jioni wakafika Makongolosi. Walipokaribia nyumba ya dada waliona watu wengi wameketi chini ya mwembe, na wanawake wamefunga kanga viunoni. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Dada alikuwa amekufa siku ya tano, akazikwa siku ile ile.

Hesabu ya siku si ngumu, na bibi aliweza kuihesabu. Kama wasingalirudi Itigi, wangalifika siku ya tatu, na dada alikuwa hai bado, naye alikuwa akimwuliza mdogo wake. Wenyeji walimwambia hivyo, bila kujua habari ya mtoto wa Rungwa.

Bibi alikaa kaburini mpaka giza. Mzee akaja akaketi karibu naye. Baada ya muda akauliza, "Mama, wajuta?"

Akajibu, "Nalia, mzee. Mtu aweza kulia bila kujuta. Nilimnyima dada yangu kitu chake, nikampa mtoto asiye wangu. Lakini dada ndiye aliyenifundisha hivyo. Mama yetu alipokufa yeye alikuwa msichana mdogo, naye aliacha mambo yake mengi kwa ajili yangu."

Wakamaliza matanga, wakashika njia ya kurudi. Walipofika Rungwa, yule mwanamke alikuwa akiwangoja, maana habari za lori lile husikika mbali kabla halijaonekana. Alileta kibuyu cha asali. Mtoto alisimama kwa miguu yake mwenyewe, ameshika nguo ya mama yake, akilitazama lori kwa hofu. Bibi hakuhadithia neno lolote la msiba wake. Alipokea asali kwa mikono miwili, akamwonjesha mtoto kwa kidole, akapanda garini.

Katika nchi ile mvua ikinyesha, maji yake hayaendi mahali pamoja. Mengine huingia mto Rungwa, yakashuka mpaka ziwa Rukwa lisilo na mto wa kutokea. Mengine huingia mto Kizigo, yakafika Ruaha Mkuu na Rufiji, mpaka Bahari ya Hindi. Vivyo hivyo mtu afikapo njia panda hawezi kwenda pande zote mbili. Akishika moja ameiacha ya pili, hata kama zote mbili ni njema.

Wengi hudhani kwamba wema ni kutoa kile kilichozidi nyumbani. Huo nao ni wema, lakini ni mwepesi. Wema wa bibi yule ulikuwa na bei, naye aliijua bei kabla hajalipa. Siku hizi lami imekwisha kutiwa kutoka Mbeya mpaka Chunya, na safari iliyokuwa ya siku nyingi imekuwa fupi. Ni jambo la kushukuru, maana wagonjwa watafika upesi. Lakini hata katika gari la mbio, msomaji, tazama kando ya njia. Na ukisimama kumsaidia mtu, usingoje kibuyu cha asali. Wazee walisema: Tenda wema, nenda zako.