Tamka "Mayday" Mafuta Yangali Yapo

Neno la leo nimeliandika nikiwa na mtu fulani moyoni. Huenda mtu huyo ni wewe, kwa hiyo usipite haraka.

Ukitoka hapa Westlands alfajiri ukashika Expressway kuelekea JKIA, kuna asubuhi utakuta ukungu umelala chini kabisa. Siku kama hizo ndege zilizosafiri usiku kucha hufika karibu na Nairobi zikaambiwa zisubiri. Zinazunguka angani. Ukungu ukikataa kuondoka, zinapelekwa Mombasa, Eldoret au Kilimanjaro. Walio chini wakingoja jamaa zao hunung'unika. Mimi humshukuru Mungu kwa rubani anayejua kuondoka mapema.

Rubani huyo hajakisia. Kabla ya kuruka, mafuta huhesabiwa kwa mafungu. Kuna ya safari yenyewe. Kuna ya nyongeza kidogo kwa mambo ya njiani. Kuna ya kumfikisha uwanja mwingine iwapo anakokwenda hapatashukika. Chini ya hayo yote kuna akiba ya mwisho: kwa ndege ya jeti ni mafuta ya dakika 30 angani. Hiyo haipangiwi matumizi. Ndege inatakiwa ishuke ikiwa nayo bado.

Rubani akiona kwamba atatua baada ya kuila akiba hiyo, sheria inamtaka aseme wazi. Anatamka "Mayday" mara tatu, kisha anataja kwamba shida ni mafuta. Neno hilo lilitoholewa kutoka Kifaransa, na maana yake ni "nisaidie". Likishasikika, ndege nyingine zinasogezwa na njia inafunguliwa.

Sasa nikusimulie usiku ambao neno hilo halikutamkwa.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 ilitoka Kolombia kwenda New York ikiwa na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na foleni angani ilikuwa ndefu. Ikaambiwa isubiri mara tatu, jumla ya dakika 77. Mwishowe walipoulizwa wanaweza kusubiri kwa muda gani zaidi, rubani msaidizi akajibu kama dakika tano, na kwamba Boston, uwanja wao wa pili, hawawezi kuufikia tena. Alisema pia kwamba wanahitaji kipaumbele. Lakini neno "dharura" hakulitaja, na habari ya zile dakika tano haikumfikia mwongozaji aliyewapokea baada ya hapo.

Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana kwa ajili ya upepo. Rubani mkuu akamwagiza mwenzake awaambie kwamba wako kwenye dharura. Mwenzake akashika redio, akarudia maelekezo aliyopewa, kisha akaongeza kwa utulivu kwamba mafuta yanawaishia. Baadaye kidogo mwongozaji akawapa mzunguko mwingine, akauliza kama unafaa kwa mafuta waliyo nayo. Jibu lilikuwa la heshima: nadhani ni sawa, asante sana.

Dakika chache baadaye injini zilianza kuzimika. Ndege ikaanguka kwenye kilima huko Cove Neck, watu 73 wakafa. Haikuwaka moto, maana hakukuwa na mafuta ya kuwaka.

Mpendwa, nadhani ni sawa, asante sana. Umewahi kujibu hivyo? Mimi husikia jibu hilo mlangoni kila Jumapili. "Habari ya nyumbani?" "Tuko sawa, Pastor. Mtukumbuke tu kwa maombi." Kumbe kodi ya miezi miwili haijalipwa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mkopo wa simu unalipwa kwa mkopo mwingine, na usiku usingizi haupo. Amesema, lakini amesema kwa namna ambayo hakuna atakayeshtuka. Wahenga walituonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kuna ndugu mmoja katika ushirika wetu, amenipa ruhusa nieleze habari zake bila jina. Alipoteza kazi katika ofisi moja huku Waiyaki Way. Kwa miezi miwili alivaa tai kila asubuhi, akapanda matatu, akashuka Westlands, akakaa tu mpaka jioni, kisha akarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kazini. Mke wake hakujua lolote. Jumatano moja, katika maombi ya saa ya chakula cha mchana, tuliuliza mahitaji ya watu. Watu wakataja safari, mitihani, homa. Yeye akasimama, akasema: "Sina kazi tangu Machi. Nadaiwa. Jana usiku sikutaka kuona asubuhi. Nisaidieni."

Chumba kilinyamaza. Hakuna aliyehubiri. Wazee wawili walihama viti, wakakaa kushoto na kulia kwake. Jioni walimsindikiza nyumbani, akamweleza mke wake wakiwa wamekaa naye. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye Sacco akapitia madeni yake moja baada ya jingine. Tulimpeleka kwa daktari na kwa mshauri, na tuliendelea kuomba. Leo anatunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwanza, lakini analala usingizi na watoto wanaye baba.

Soma 2 Wafalme 4. Yule mjane hakumwambia Elisha kwamba anapitia changamoto. Alitaja kifo cha mume wake, akataja mdai, akasema watoto wake wawili wanakuja kuchukuliwa watumwa. Elisha akamuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa moja ya mafuta, na muujiza ulianzia kwenye yale mafuta yaliyobaki. Halafu soma Mathayo 14. Petro alilia alipoanza kuzama. Hakungoja afike chini.

Najua kinachokuzuia. Sisi watu wa Roho tumezoea kukiri ushindi, na mtu akisema "nimeishiwa" tunamkemea kana kwamba amekosa imani. Hapa niongee na sisi tulio mnarani, tunaosikiliza.

Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines namba 961 ilitoka Addis Ababa kuja hapa Nairobi. Watu watatu wakaiteka, wakataka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia wazi kwamba mafuta hayatoshi, ni ya safari fupi tu. Wakakataa. Walikuwa wamesoma katika jarida la ndege kwamba ndege ya aina hiyo inaweza kuruka saa 11. Waliamini karatasi, wakapuuza mshale wa mafuta. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini huko Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, akiwemo mpiga picha wetu wa Nairobi, Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 ziliamsha dunia.

Ndugu yako akikuambia mafuta yamekwisha, usimsomee jarida. Usimwambie jinsi mtu aliyeokoka anavyopaswa kuwa. Muulize: umebakiza dakika ngapi? Mmekula nini leo? Uko na nani usiku huu? Kisha sogeza mambo yako, umfungulie njia.

Na wewe uliye angani, kabla jua halijatua leo, chagua mtu mmoja unayemwamini. Mpigie, usimtumie tu ujumbe. Taja shida kwa jina lake na kwa hesabu yake, na useme "nisaidie". Kama umeanza kuona afadhali usiwepo, usingoje hata jua litue. Piga sasa hivi, na mtu aje akae nawe.

Tuombe. Baba, mpe mtoto wako ujasiri wa kusema ukweli wakati angali na nguvu ya kusema. Mpe masikio atakayempigia. Utuondolee aibu inayotuua tukiwa tunatabasamu. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie ujumbe huu yule ambaye kila ukimuuliza hujibu kwamba yuko sawa. Halafu mpigie.