Kabla Hujabonyeza, Angalia Priviu

Wadau, leo naongelea swicha. Si ile ya taa ukutani. Nasema kile kiboksi cha vitufe ambacho mnaniona nacho kwa harusi na matanga hapa Ganda, halafu mnaniuliza, "We chuo uliacha uje kubonyeza hivyo tu?" Ndio, niliacha. Na ndicho kinanilipia nyumba.

Kazi yake ni hii. Kila kamera inaleta waya wake wa HDMI. Swicha inazipanga kwanza zitembee pamoja, ndio ukibadilisha picha isiruke. Kuna programu, yaani kile watu wanaona sasa hivi, na kuna priviu, kile kinachongoja zamu. Ukibonyeza kati inabadilika papo hapo. Ukibonyeza oto picha moja inayeyukia nyingine polepole. Zamani vitu hivi vilikuwa vya stesheni za TV. Blackmagic walipotoa ATEM Mini 2019, kamera 4 kwa kiboksi kinachoingia begi la shule, hata sisi wa mashinani tukaanza kuota. 2020 corona ikaja, watu wa kwenda mazishini wakapunguzwa, laivu ikawa si anasa tena.

Sasa, swicha ndogo inakupa uchague: kitufe kiende hewani moja kwa moja, au kianzie priviu. Mimi nilikuwa naenda moja kwa moja. Niliona ndio ujanja.

Mpaka matanga fulani. Binti wa marehemu yuko Saudia, hakupata ruhusa kazini, anatazama kwa simu. Jeneza linashuka, nikabonyeza 3 bila kuangalia. Kamera 3 ilikuwa kwa mamake: ameanguka, leso imemtoka, wamama wanamfunika. Sekunde nne hivi. Binti akaanza kupiga simu nyumbani, na nani angeshika simu saa hiyo?

Shangazi mmoja akanijia taratibu. "Mwanangu, mamako ungemuonyesha hivyo?"

Sikuwa na jibu.

Usiku nikamtumia yule dada ujumbe wa kuomba radhi. Hakunitukana. Aliniomba kitu kimoja tu: niitoe ile sehemu kwa rekodi, watoto wasije wakaiona. Nikaitoa. Pesa iliyobaki sikuidai.

Kuna watu wanasema kosa lilikuwa la kijana wa kamera 3. Hapana. Yeye kuelekeza kamera kule hakukumwonyesha mtu yeyote chochote. Aliyeonyesha ni mimi.

Siku hizi natumia priviu kila mara, hata kama nachelewa nusu sekunde. Kamera 1 inakaa mbali, picha pana, haiguswi, ndio nipate pa kukimbilia mambo yakiharibika. Na kabla ya kuanza nauliza familia: nani hataki kuonekana?

Kama una swicha na hujawahi kufungua setingi zake, fungua leo. Usingoje shangazi akufundishe.