Majumba ya Herufi: Barua kutoka Bijlmer, Amsterdam

Ami yangu mpendwa,

Uliponiuliza kwenye simu kama nakaa karibu na ile mifereji na nyumba nyembamba za kwenye kalenda, laini ilikatika kabla sijajibu. Sikai huko. Nakaa Bijlmer, kusini-mashariki ya jiji, mwendo wa metro usiofika nusu saa kutoka stesheni kuu. Watalii hawaji huku ila siku ya mpira. Nakuandikia wewe hasa kwa kuwa ujana wako ulikwisha ukibeba zege la majumba ya Michenzani huko Unguja, na sijui mtu mwingine atakayeyaelewa majumba haya kwa haraka zaidi.

Hapa palikuwa ziwa. Waholanzi walilikausha katika karne ya 17, maji yakarudi, wakalikausha tena katika karne ya 19, na kwa muda mrefu baadaye pakawa pa mashamba na ng'ombe. Baada ya Vita Kuu ya Pili Amsterdam ilibanwa vibaya na uhaba wa nyumba, ikayatolea macho mashamba haya. Walimwaga mchanga juu ya bonde zima, maana udongo wake ni tope jeusi lisilobeba kitu. Sehemu ya mchanga huo ilichimbwa hapo jirani, na shimo lake leo ni ziwa linaloitwa Gaasperplas, ambako watoto huogelea kiangazi. Tarehe 13 Desemba 1966 meya Gijs van Hall akazindua upigaji wa nguzo ya kwanza. Nasema nguzo kwa sababu nyumba hapa haianzi na msingi kama tunaoujua sisi. Huanza na miti ya zege inayopigiliwa chini mpaka ikutane na mchanga mgumu.

Ramani ilisimamiwa na Siegfried Nassuth, mpangaji miji wa halmashauri. Fikra yenyewe ilitoka kwa Le Corbusier na wenzake, waliokuwa wakihubiri tangu kabla ya vita kwamba mji mzuri ni ule uliotenganisha pa kulala, pa kazi, pa kupumzika na pa kupita. Bijlmer ikaitii fikra hiyo kwa ukamilifu usio wa kawaida. Yalijengwa majumba 31 ya ghorofa kumi na kuzidi, ndani yake nyumba kama 13,000, yamepindwa pindwa kwenye pembe mpaka ukiyatazama kwa juu unaona sega la nyuki. Baina ya jumba na jumba waliacha nafasi kubwa ya nyasi, miti na vidimbwi, ili kila dirisha lipate jua. Magari yalipewa barabara za juu, zilizoinuliwa juu ya matuta na madaraja, na watu wa miguu na baiskeli wakaachiwa ardhi. Ukifika na gari uliliacha kwenye gereji kubwa la ghorofa, ukapita ujia uliofunikwa hadi kwenye lifti, na kutoka lifti ukatembea ubaraza mrefu usiokwisha mpaka mlangoni kwako.

Chini kabisa, usawa wa ardhi, unadhani waliweka nini? Stoo. Safu za milango ya stoo, jumba zima, hakuna duka, hakuna dirisha, hakuna mtu. Najua hapo umeshatikisa kichwa. Kwetu baraza hutangulia nyumba; mtu anajenga pa kukaa na wenzake kabla hajapaka chokaa. Hapa mamia ya familia ziliishi juu ya ukuta mmoja, na aliyepita chini usiku hakuwa na jicho la kumlinda.

Majina nayo yana utaratibu wake. Eneo liligawanywa kwa herufi, na kila jumba likapewa jina linaloanza na herufi ya eneo lake. Hoogoord, Hakfort na Huigenbos ni za H. Kikkenstein, Kruitberg na Kleiburg ni za K. Grubbehoeve, Gooioord na Groeneveen za G. Kwa hiyo mtu akikwambia anakaa Kikkenstein, ulimi unateseka lakini miguu inajua pa kwenda. Utaratibu huu naupenda kuliko nilivyotarajia.

Wapangaji wa mwanzo waliingia Hoogoord Novemba 1968. Nyumba zilikuwa pana, zenye joto la bomba na bafu la ndani, mambo ambayo maelfu ya watu katikati ya Amsterdam hawakuwa nayo. Mchoro ulimlenga mtu wa namna moja: Mholanzi wa tabaka la kati, mke, watoto wawili, gari. Tatizo ni kwamba mtu huyo alikuwa na hiari. Wakati huohuo miji midogo ya jirani ilikuwa ikijenga nyumba za chini zenye kibustani, naye akaenda huko. Kodi ya Bijlmer ilikuwa kubwa, maduka yaliyoahidiwa yalikuwa bado hayajaja, na metro ilifunguliwa mwaka 1977, karibu miaka tisa baada ya watu kuhamia. Nyumba nyingi zikabaki tupu hata kabla rangi haijazeeka.

Hapo ndipo wanapoingia watu ambao mchoro haukuwaota. Suriname, koloni la Waholanzi kule Amerika Kusini, ilipata uhuru tarehe 25 Novemba 1975. Kuelekea siku hiyo, makumi ya maelfu ya Wasuriname walipanda ndege kuja Uholanzi wakiwa bado na pasi ya Kiholanzi mkononi. Walihitaji nyumba, na Bijlmer zilikuwepo nyumba tupu. Lakini wenye kugawa waliwagawia chache chache, kwa kisingizio cha kutotaka wajazane pahali pamoja. Mwaka 1974 familia za Kisuriname zikachoka kungoja, zikaingia zenyewe katika nyumba tupu za jumba la Gliphoeve na kukataa kutoka. Magazeti yalilivumisha jina hilo kwa ubaya kiasi kwamba baadaye, jumba lilipokarabatiwa, lilipewa majina mapya. Ukitaka kujua mji ulivyowaona wenyeji wake wapya, tazama wepesi wa kubadilisha kibao ukutani.

Wasuriname wenyewe si watu wa asili moja, na jambo hilo linaonekana kwenye sahani. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1863, Waholanzi walileta vibarua kutoka India kuanzia 1873, kisha kutoka Java. Kwa hiyo kwenye kibanda kimoja hapa utapata roti yenye mchuzi wa kuku na viazi ambayo Bibi angeila bila kuuliza imetoka wapi, na pembeni yake tambi za Kijava. Pom, chakula chao cha sherehe, hupikwa kwa mzizi uliokunwa wa jamii ya majimbi, ukaokwa pamoja na kuku. Baada yao wakaja Waghana, kwa wingi tangu miaka ya 1980, kisha Wanigeria, Waantili na wengineo. Duka la Waghana karibu na stesheni ya Ganzenhoef ndilo ninalonunulia muhogo, ndizi za kupika na samaki wa kukaushwa. Kiswahili hakisikiki sana hapa. Ukikisikia, msemaji huwa ametoka Bujumbura au Bukavu, na mnaishia kusimama kwenye ngazi saa nzima.

Sitakuficha kwamba miaka ya 1980 ilikuwa mibaya. Polisi walipowafukuza wauzaji na watumiaji wa heroini kutoka mtaa wa Zeedijk katikati ya jiji, wengi walihamia huku, kwenye magereji, kwenye ujia uliofunikwa na kwenye zile stoo za chini. Lifti zilinuka, taa zilivunjwa, mashirika ya nyumba yakaelemewa na hasara. Waholanzi wengi bado wanakusimulia habari hizo kama kwamba zege lenyewe ndilo lenye hatia. Mimi sikubali. Jumba lenye nyumba tupu, kodi isiyolipika na bajeti ya usafi isiyotosha litaoza hata lingejengwa kwa marumaru. Kosa la mchoro lilikuwepo, nimeshalitaja, lakini haliwezi kubeba mzigo wote.

Tarehe 4 Oktoba 1992, Jumapili jioni, ndege ya mizigo ya shirika la El Al, Boeing 747 iliyokuwa ikielekea Tel Aviv, iliruka kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol. Injini mbili za bawa la kulia zikang'oka. Rubani alijaribu kuirudisha uwanjani, ikamshinda, ikaangukia pale majumba ya Groeneveen na Klein-Kruitberg yalipokutana. Walikufa watu 43, wanne wao waliokuwa ndani ya ndege. Siku za kwanza walihofia hesabu kubwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika nani alikuwa akilala katika nyumba zile. Wengi hawakuwa na karatasi, hawakuwamo katika daftari lolote. Mabishano kuhusu shehena na afya ya walionusurika yalidumu miaka, hadi bunge likafanya uchunguzi wake mwaka 1999.

Mti mmoja ulibaki umesimama karibu na pale. Wenyeji wanauita mti ulioona yote. Waliuzungushia maua, picha na barua, na baadaye likajengwa eneo la kumbukumbu lililobuniwa na Herman Hertzberger na Georges Descombes, lenye vigae vya rangi vilivyotengenezwa na wenyeji wenyewe. Kila tarehe 4 Oktoba watu hukusanyika. Nilihudhuria. Majina yalisomwa taratibu, na mama mmoja wa Kighana aliyekuwa pembeni yangu alikuwa akiitikia kila jina kana kwamba anawaita watoto waje kula.

Ukarabati mkubwa wa Bijlmer ulikuwa umepangwa tayari wakati wa ajali, ukaendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Maelfu ya nyumba za majumba marefu zilibomolewa, mahali pake zikajengwa nyumba za ghorofa mbili tatu zenye mlango wa barabarani. Barabara nyingi za juu ziliteremshwa. Magereji yakavunjwa, na hapa Ami ndipo roho yangu inaposita. Magereji yale yalikuwa yameshapata kazi nyingine. Makanisa ya Waghana na Wanigeria yalikuwa humo, makumi yake, yenye viti vya plastiki, vipaza sauti na ngoma, Jumapili nzima. Na vinyozi, na mafundi cherehani. Baadhi ya makanisa yamejengewa jengo la pamoja liitwalo De Kandelaar, mengine yametawanyika kwenye maeneo ya viwanda. Waislamu tuna Msikiti wa Taibah, Kraaiennest, wenye kuba na minara, ulioasisiwa na Wasuriname wenye asili ya India. Ijumaa hotuba huisikii vizuri kwa kupita kwa metro, lakini pilau ya Idi wanaijua.

Upande wa pili wa reli ni ulimwengu mwingine. Kuna uwanja wa mpira wa klabu ya Ajax, uliofunguliwa mwaka 1996 na sasa unaitwa Johan Cruijff ArenA, kumbi za muziki, maduka makubwa ya fanicha. Mashabiki hushuka stesheni, wanaelekea magharibi, wanarudi, wanaondoka. Wachache huvuka kuja upande wetu, ambako kuna soko la Anton de Komplein. Uwanja huo wa soko umepewa jina la Anton de Kom, mzaliwa wa Paramaribo aliyeandika kitabu kuhusu utumwa Suriname mwaka 1934, akafia katika kambi ya Wanazi mwaka 1945. Sanamu yake iliyowekwa mwaka 2006 inamwonyesha yuko uchi, na wengi hapa waliipinga kwa hasira: mtu aliyevaa suti na kofia maisha yake yote, kwa nini mumvue nguo? Nimeitazama mara nyingi na niko upande wao.

La mwisho nililotaka kukueleza wewe fundi ni jumba la Kleiburg. Lina urefu wa mita kama 400 na nyumba 500, na lilikuwa limeshahukumiwa kubomolewa. Kundi la wawekezaji likalinunua kwa yuro moja. Wakatengeneza lifti na ubaraza, wakahamisha stoo kutoka chini kwenda ghorofani karibu na lifti, wakafungua usawa wa ardhi uwe na nyumba na vioo, halafu wakauza nyumba zikiwa kuta tupu, bila jiko wala bafu. Kila mnunuzi akamalizia kwa uwezo wake na kwa muda wake. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa tuzo ya Mies van der Rohe, mojawapo ya kubwa kabisa za usanifu majengo Ulaya. Wasanifu walisifiwa kwa ujasiri wa kumwachia mtu amalizie nyumba yake mwenyewe. Ukipita Mwanakwerekwe huko kwetu jioni moja, hesabu ni mafundi wangapi waliostahili tuzo hiyo.

Nilizungumza na jirani yangu mzee wa Kisuriname aliyekaa Bijlmer tangu ujana. Alihamishwa jumba lake lilipobomolewa, akapewa nyumba mpya yenye kibustani mbele. Nikamuuliza kama anafurahi. Akasema kodi imepanda, majirani wa zamani wametawanywa, na kutoka ghorofa ya tisa alikuwa akiona mvua ikija kabla haijafika. Sasa anaona ua wa jirani. Halafu akanionyesha pilipili zake alizootesha kwenye kibustani hicho, akanifungia kadhaa kwenye gazeti. Kali hizo, Ami, hata wewe ungezikimbia.

Nisalimie Shangazi na watoto wote. Nikipata mtu wa kuaminika nitaleta hela ya saruji ya ule ukuta wa uani.

Wako akupendaye.