Kabla Hujamlipa Yule Fundi

Busawe, Serengeti
Januari 2026

Mwanangu Mwita,

 

Nimesikia umekodi chumba Mugumu, unafungua steshenari. Nimefurahi sana. Kinachoninyima usingizi ni hilo la kompyuta za mtumba ulizonunua, na fundi aliyekuahidi kuzitia Windows ya kuvunja leseni, kisha azime masasisho ili yasile bando. Usikubali.

Steshenari si kutoa fotokopi tu. Mtoto aliyemaliza Kidato cha Sita atakuja kuomba mkopo wa HESLB, akuachie cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na taarifa za mdhamini wake. Anayetafuta kazi atakutajia nenosiri lake la Ajira Portal kwa sauti, maana anakuamini. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda.

Nilipokuwa mhasibu katika ofisi moja Musoma, tulikuwa na fundi wa namna hiyohiyo. Mashine zote aliziwekea Windows kwa kraki, yaani programu ya kuvunja leseni, masasisho akayazima, na bosi akamsifu kwa kubana matumizi. Asubuhi moja tukakuta mafaili hayafunguki, na kwenye skrini kuna maandishi ya kudai fidia kwa bitcoin. Orodha ya mishahara ikapotea. Watu walinijia mezani kwangu, si kwa fundi. Kilichowaokoa ni daftari langu la mkono, ambalo vijana wa ofisini walikuwa wakilicheka. Nililijaza kila mwezi bila kuagizwa na mtu, na hadi nastaafu hakuna aliyenishukuru.

Wakubwa pia yamewakuta. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea dunia nzima, hospitali za Uingereza zikafuta miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuziba tundu vilimopitia tangu Machi. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka. Sasa fikiri, fundi wako anataka kuzima masasisho, yaani njia yenyewe ya kupitishia viraka hivyo!

Na hiyo kraki, kwanza inakutaka uzime antivairasi, halafu uipe mamlaka yote ya mashine. Mgeni akikujengea lango la zizi na kujiachia upenyo wake, utalala?

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inakataa kompyuta nyingi za kabla ya 2018, na zako bila shaka ni za zamani kuliko hapo. Kama hela ya mashine mpya yenye leseni halali haipo, badala ya Windows weka Linux Mint. Ni ya bure, kwa hiyo hakuna cha kuvunja. Imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, na toleo la 22 litapata masasisho hadi 2029. Programu zake unazichukua kwenye ghala lake lenyewe, si kwenye flashi ya mtu. Virusi vya Windows vinavyoletwa na flashi za wateja kwa kawaida havifanyi kazi humo. Sisemi haidukuliwi, kwa hiyo masasisho utayaweka hata kwa bando la usiku.

Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uone kama printa inakubali. Nyaraka za Word utazifungua kwa LibreOffice, ila kagua mpangilio kabla ya kuchapa. Wakati wa kusakinisha, chagua kufunga diski kwa nenosiri, maana wezi wa kompyuta wapo. Nakala za kazi zako zilale nyumbani. Nyaraka za wateja zifute jioni.

Ng'ombe wangu mwekundu aliuzwa ili uende chuo, na baba yako hakuniuliza. Simdai ng'ombe. Nakudai wewe unisikilize katika hili moja.

Binamu yako Marwa anaijua Mint vizuri. Nimemwomba aje kwako Jumamosi, azikague mashine zote pamoja na printa. Mpe nauli na chakula cha mchana, na huyo fundi mwambie asubiri.

Baba yako mkubwa