Chenji ya Rada

Nikiwa darasa la tano mwaka 2013, mwalimu alitugawia vitabu vipya, kimoja kwa wanafunzi watatu. "Hii ndiyo chenji ya rada," akasema, walimu wenzake wakacheka. Sisi tukabaki tunatazamana: rada nayo ina chenji?

Nimekuja kuelewa chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yetu ilinunua rada ya kijeshi kwa BAE Systems ya Uingereza, pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kwamba haikutunza vizuri hesabu za malipo ya wakala wake hapa nchini, ikakubali kutulipa pauni milioni 29.5. Pesa ikachelewa. Julai 2011 kamati ya Bunge la Uingereza iliwaita wakubwa wa kampuni wajieleze. Mwaka 2012 ikalipwa, yakanunuliwa madawati na vitabu.

Kwa hiyo jamaa wakisema bwenini kwamba mambo ya jeshi ni siri, wabunge wasiulize, mimi nabisha. Vifaa vimefichwa wapi, sawa, iwe siri. Bei je? Na wakala kalipwa shilingi ngapi?

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Nisingependa wanafunzi wangu nao wasubiri chenji miaka kumi, kwa sababu tu mtu Dodoma aliona aibu kuuliza bei.