Pikapu ya Marehemu Baba

Pikapu ya Peugeot 404 tuliyorithi kwa marehemu baba ilibeba kahawa yetu huko Masaka miaka mingi. Motokaa za 404 zilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mfululizo 1966 hadi 1968. Baba hakuchoka kutukumbusha. Tulipoifufua tulisafisha kabureta, tukabadili breki, tukaunga bati jipya sakafuni palipoliwa na kutu. Kisha, kwa pupa ya kuipendezesha, tukamwamuru fundi apake mlango rangi, likafunikwa jina ambalo baba aliliandika kwa mkono wake. Fundi alituuliza mara mbili. Leo injini yanguruma vyema; lakini mama, kila apitapo, huupapasa mlango ule kwa kidole, mfano wa asomaye. Nasi twakiri: kutengeneza si kufuta.